Tunajua Kila Njia ya Kuchezea Mizani

Jumanne ya tarehe sita mwezi wa pili, chai ya saa nne ikiwa bado inafuka mvuke, Afisa wa Vipimo aliingia karakana ya Fundi Mizani na kumwambia aweke koleo lake la lakiri mezani.

Hakusalimia. Watu wa aina yake hufundishwa mengi huko wanakofundishwa, lakini salamu haimo. Alisimama pale mlangoni akaziba mwanga wote wa barabarani, na wateja waliokuwa ndani, muuza nyama mmoja na mama mmoja wa nafaka, wakasogea ukutani kama watoto waliokutwa wakichezea moto.

"Koleo?" Fundi aliuliza. Alikuwa ameinamia mizani ya muuza nyama, bisibisi mkononi.

"Lakiri. Lete hapa."

"Karibu kwanza, Bwana Afisa. Kaa. Chai ipo."

"Sikuja kunywa chai, Mzee."

Koleo lile ndilo lililomfanya Fundi kuwa fundi. Mizani ikishatengenezwa hufungwa kwa waya mwembamba, mwisho wa waya huwekwa kipande cha risasi, na risasi hiyo hubanwa kwa koleo lenye namba ya fundi mwenye kibali. Hiyo ndiyo lakiri. Mwuzaji akikutwa na mizani isiyo na lakiri, mizani inakwenda, na faini inamfuata nyuma. Kumchukulia fundi mizani koleo lake ni kumnyang'anya kinyozi wembe huku wateja wameshakaa kitini, wamepakwa povu mpaka masikioni.

"Nimekosa nini?" Fundi aliuliza.

Afisa alitoa simu yake mfukoni, akaigusagusa, akamsogezea usoni. Fundi alipapasa miwani, hakuiona, maana miwani ilikuwa kwenye paji la uso wake mwenyewe. Muuza nyama akaguna.

"Mwite huyo binti yako asome," Afisa alisema. "Si ndiye mwandishi?"

Binti alitoka chumba cha nyuma, ambako alikuwa na meza yake, kompyuta yake, na waya nyingi zilizoning'inia kama mboga za kukausha. Yeye ndiye aliyemtengenezea baba yake tovuti ili wateja wampate. Alishika simu ya Afisa, akaangalia, na uso ukamshuka.

"Soma kwa sauti," Afisa alisema. "Wateja wenu wasikie."

Binti akasoma. "Fundi mwenye kibali cha Idara ya Vipimo na Mizani, daraja la pili, kwa urekebishaji wa mizani za biashara. Tunajua kila njia ya kuchezea mizani..."

"Endelea."

"Hapa imeishia. Kuna nukta tatu. Lakini sentensi yenyewe inaendelea, Bwana Afisa, ukifungua ndani utaona..."

"Mimi nasoma kilichoandikwa. Kimeandikwa kwamba Idara imempa mtu huyu kibali, na mtu huyu anajua kila njia ya kuchezea mizani. Nimesoma vibaya?"

"Hukusoma vibaya. Hukumaliza."

"Kumbe!" muuza nyama alisema ukutani, na yule mama wa nafaka akajivutia mizani yake miguuni, taratibu, kama mtu anayemwondoa mtoto karibu na mbwa asiyemjua.

Fundi alilitoa koleo kwenye mkanda. Afisa alilifunga kwenye gazeti kuukuu lililokuwa limefunikia kopo la grisi, akamwandikia Fundi karatasi, akamwonyesha pa kuweka sahihi, akamwambia kikao kingekuwa Jumatatu, ofisi kuu, saa tatu, na kibali chake aende nacho. Kisha, kwa kuwa aibu kidogo haiwatoshi watu hawa, akabandika karatasi nyekundu ya kusimamishwa kazi mlangoni, juu kabisa, palepale ambapo kila mpita njia angeiona kabla ya kuona mlango.

"Na hicho kitu mtandaoni kiondolewe," alisema akitoka. "Leo hii."

Chai ikapoa. Hakuna aliyeinywa.

* * *

Nyumba ilikuwa nyuma ya karakana, vyumba viwili na ua. Tangu mke wa Fundi aondoke duniani, dada yake Fundi alihamia pale kusimamia jiko na simu ya wateja, na kwa ulimi wake ilikuwa vigumu kusema kipi kati ya viwili hivyo alikipika zaidi. Binti alimwita Shangazi, na wateja nao wakamwita Shangazi, hata wale waliomzidi umri.

Jua likiwa bado halijazama, walikaa uani, kompyuta juu ya kigoda.

"Hebu nieleze kama mtu asiyejua kitu," Shangazi alisema. "Maana huyu kaka yangu anatikisa kichwa tangu mchana na najua hajaelewa."

"Nimeelewa," Fundi alisema.

"Umeelewa nini?"

Fundi akaanza kufuta miwani yake.

Binti akageuza kioo kiwaelekee. "Hii ndiyo plagini. Ni programu ndogo unayoipachika ndani ya tovuti. Kazi yake ni kukusaidia upatikane mtu akitafuta. Unaiambia maneno ambayo watu wanayaandika wakitafuta, halafu yenyewe inakagua ukurasa wako. Maneno hayo yako kwenye kichwa? Yako mwanzoni? Yako kwenye haya maelezo mafupi yanayoonekana chini ya jina lako? Ukifanya vizuri, inawasha taa ya kijani. Ukikosea, rangi ya chungwa. Ukiharibu kabisa, nyekundu."

"Kama mkaguzi."

"Kama mkaguzi, Shangazi. Ila huyu hapokei kitu kidogo."

"Basi si mkaguzi."

Fundi alitaka kucheka, akakumbuka karatasi nyekundu mlangoni, akaacha.

Ukurasa wenyewe ulikuwa kazi ya mikono yao wote watatu, na ulikuwa ukurasa mzuri. Fundi ndiye aliyetaka wanunuzi wajue wanavyoibiwa. Alikaa nyuma ya binti yake akimwambia, naye akiandika: jiwe la mizani lililotobolewa tumboni na kuzibwa kwa nta, springi iliyolegezwa, sumaku iliyofichwa chini ya sahani, mizani iliyoegeshwa upande ili mshale uanze safari kabla ya mzigo. Mwisho wa kila hila aliweka namna ya kuigundua. Plagini ikadai maneno makuu ya ukurasa, Binti akaipa "kuchezea mizani", kwa sababu hicho ndicho kilichokuwa kinaelezwa. Taa zikawaka kijani moja baada ya nyingine. Kwenye maelezo mafupi akaandika: Tunajua kila njia ya kuchezea mizani, ndiyo maana mizani ikitoka kwetu haichezewi. Kijani. Shangazi alipiga vigelegele siku ile, bila kujua anashangilia nini.

"Halafu Baba akakumbuka kanuni," Binti alisema.

Kanuni ilikuwepo, na iko mpaka leo. Inasema kila tangazo la fundi mizani lianze kwa kutaja kibali, jina kamili la Idara, daraja, na aina ya kazi. Lianze, si liishie. Nani aliyeitunga, hajulikani; huenda ni mtu aliyependa kuona jina la ofisi yake likitangulia kila mahali, kama bwana harusi.

"Nikaiweka mwanzoni," Binti aliendelea. "Maelezo yakawa marefu, taa ikageuka chungwa. Nikakwambia, Baba."

"Uliniambia nini?"

"Nilikwambia mtambo wa kutafuta mtandaoni una nafasi ndogo. Ukizidisha, unakata mwisho na kuweka nukta. Ukanijibu, 'Sheria ni sheria, mwanangu. Rangi ya chungwa haiwezi kunifungia karakana.'"

Shangazi aliweka kikombe chini ili acheke vizuri. "Ni kweli, Kaka. Si rangi ya chungwa iliyokufunga. Umefungwa na sheria uliyoiheshimu."

"Wewe cheka tu."

"Nicheke nini kingine? Maneno yao yamesukuma ya kwetu mpaka yakadondoka, halafu wanakuja kuuliza kwa nini yamedondoka."

"Mimi pia nimekosa," Binti alisema. Hakuwa analia, alisema kama mtu anayetaja jiwe lenye upungufu. "Nilijua itakatwa. Sikuangalia itakatwa wapi. Ningepunguza maneno machache tu upande wetu, yote yangeingia. Niliona taa ya chungwa nikasema moja si kitu, nyingine zote ni za kijani."

Fundi alimtazama. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi ya hayo machache aliyatumia kuwatukana wakubwa. Lakini hakumtukana binti yake.

"Mizani ina mikono miwili," alisema. "Weka la kwako huku, la kwangu huku. Yatalingana. Sasa rekebisha."

Binti alirekebisha palepale. Ile sentensi akaigeuza: mizani ikitoka kwetu haichezewi, ikaja mbele; kanuni ikabaki mwanzoni ikiwa imebanwa kwa maneno machache kadiri sheria inavyoruhusu. Taa ikawaka kijani. Akaandika jina la ukurasa kwenye mtambo wa kutafuta aone. Ile ile. Tunajua kila njia ya kuchezea mizani, nukta tatu.

"Mbona haijabadilika?" Shangazi aliuliza.

"Kwetu imebadilika. Mtambo una nakala yake. Unapita kusoma upya wakati unaotaka wenyewe. Nimeuomba upite."

"Ofisi yake iko wapi, twende?" Fundi aliuliza.

"Hauna ofisi ya kwenda, Baba."

"Wala mkubwa wa kumwona?"

"Wala mkubwa."

Usoni mwa Fundi kukaja kitu kinachokaribia heshima.

* * *

Simu hazikukoma. Ndipo Shangazi alipoanza kuelewa kwa nini, tangu ukurasa ule upande juu, baadhi ya wateja wapya walikuwa wakinong'ona.

"Haloo? Hapo ni kwa wale wataalamu wa mizani?"

"Ndiyo, karibu."

"Wale... wanaojua njia zote?"

"Njia zote za wapi, baba? Za sokoni au za mbinguni?"

Sauti ikashuka zaidi. "Nina mizani ya sukari. Nataka iwe na huruma kidogo kwangu."

"Ilete. Tutaifundisha ikuhurumie wewe na anayenunua."

Simu ikakatwa. Shangazi akaguna, akaendelea kuchambua mchele. Mwingine akauliza bei ya sumaku. Mwingine, mwanamke mwenye sauti ya adabu kabisa, alisema anauza karanga karibu na shule, na watoto hawajui hesabu. Huyo, Shangazi alimjibu maneno ambayo Fundi, akiwa karakana, aliyasikia yote na akajifanya hakusikia.

Wateja wa kweli nao walikuja, na hao ndio waliouma. Mizani tisa zilikuwa sakafuni, zimetengenezwa, zimepimwa, zinang'aa, na hakuna hata moja iliyoweza kutoka, maana hazikuwa na lakiri. Muuza nyama alirudi siku ya tatu akiwa amevaa aproni yake ya kazi.

"Nauza kwa macho, Fundi. Kwa macho! Watu wananiuliza kilo iko wapi, nawaonyesha mkono."

"Jumatatu nitakuwa na kikao."

"Kikao hakilishi. Nirudishie malipo yangu niende kwa mwingine."

"Kazi imefanyika. Imebaki lakiri tu."

"Kazi gani? Mtu mwenyewe umetangaza mtandaoni unajua kuiba." Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayenadi maini, na barabara nzima ikageuza shingo. Huyu alikuwa amekula kwenye nyumba ile. Fundi alifungua droo, akamrudishia malipo yake yote. Muuza nyama akayahesabu mara mbili mbele yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya kabla.

Jioni hiyo gari jeupe lilisimama, akashuka mnunuzi wa mazao ambaye soko zima lilimwita Bwana Gunia. Viatu vyake vilikuwa vinang'aa kuliko mizani za sakafuni. Aliangalia karatasi nyekundu mlangoni, akaisoma yote, akatabasamu kama aliyepewa barua ya kukaribishwa.

"Fundi, nimekutafuta."

"Umenipata."

"Mashine ndiyo iliyokupata. Niliandika ninachotaka, ukaja wa kwanza kabisa. Hongera. Watu wanalipa kufika hapo."

"Unataka nini?"

Bwana Gunia alikaa bila kukaribishwa. "Nina mizani ya jukwaa, ile kubwa ya kupimia magunia. Wakulima wanaleta, mimi nanunua. Nataka kilo mbili tu kwa gunia. Si tatu. Mimi si mwizi."

Shangazi, aliyekuwa ameegemea mlango wa ndani, aliziba mdomo kwa kanga.

"Mizani ya jukwaa ina lakiri," Fundi alisema. "Ukiigusa ndani, lazima uivunje."

"Hilo lisikuumize. Lakiri mpya nitapata mwenyewe, kuna watu. Wewe nifanyie za ndani." Alitaja malipo. Fundi hakuwahi kuyashika mengi kiasi hicho kwa mkupuo, hata siku ya kumzika mkewe, watu walipochanga. Bwana Gunia akaona macho yake, akaongeza, "Na nasikia wamekuchukulia koleo. Linaweza kurudi leoleo. Nikipiga simu moja."

Binti alikuwa amesimama nyuma ya shangazi yake, mkono kifuani. Alijua deni la duka la vyuma, alijua kodi ya pango. Alijua pia kwamba kosa lililomleta mtu huyu pale lilikuwa na kidole chake ndani yake. Kama baba yake angesema ndiyo, yeye asingekuwa na mdomo wa kumlaumu.

Fundi aliinuka. Aliinua mizani ya mama wa nafaka kutoka sakafuni, akaiweka juu ya meza kati yao, akaweka juu yake jiwe la kilo moja. Mshale ukaenda, ukatikisika, ukatulia pale pale panapostahili.

"Umeusoma ule ukurasa?" aliuliza.

"Nimesoma mistari miwili."

"Mna ugonjwa mmoja, wewe na serikali. Nenda kausome mpaka chini. Hila yako imo, na chini yake nimewaelekeza wakulima waisakeje. Ukimaliza kusoma, mizani yako ipo hapa karibu, nitaitengeneza kwa haki kwa bei ya kila mtu."

"Utalala njaa, Fundi."

"Nimelala nayo. Haikoromi."

Gari jeupe likaondoka kwa hasira. Shangazi akashusha kanga mdomoni, akaenda kumletea kaka yake chai.

* * *

Ijumaa Afisa alipiga simu.

"Nilisema iondolewe leo. Leo ile ilikuwa Jumanne."

"Tuliibadilisha Jumanne ileile," Binti alijibu.

"Mimi ninaiona hapa."

"Unaona nakala ya mtambo, Bwana Afisa. Nimeomba usome upya."

"Mtambo gani unaombwa? Uamrishe."

"Hauamrishwi."

"Nipe namba ya msimamizi wake nimpigie."

Binti aliangalia dari. "Hana namba."

"Kila mtu ana namba! Binti, unanidharau?"

"Hapana, Bwana Afisa. Natamani angekuwa nayo. Ningekupa uongee naye mwenyewe."

* * *

Jumatatu walikwenda wote watatu. Fundi alivaa koti lake la msibani, maana hakuwa na jingine. Waliwekwa kwenye benchi la korido wakakaa tangu saa tatu waliyoitiwa hadi karibu na adhuhuri, huku wahudumu wakiwapita na vikombe. Shangazi alimwuliza mmoja kama benchi nalo limepimwa, maana ni refu upande mmoja.

Chumba cha kikao kilikuwa na meza ndefu, na ukutani kioo kikubwa kilichounganishwa na kompyuta ya ofisi. Mkuu wa Idara alikaa katikati, mnene, mpole, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Afisa alikaa kulia kwake. Koleo lilikuwa mbele yao, bado limefungwa kwenye gazeti la grisi.

"Kosa ni kuihusisha Idara na udanganyifu," Mkuu alisema. "Adhabu yake ni kufutiwa kibali. Una la kusema?"

"Ana la kusema binti yangu," Fundi alisema. "Mimi nitasema mwisho."

Binti alieleza. Hakukimbilia maneno makubwa. Alionyesha sentensi nzima ilivyokuwa, akaonyesha kanuni yao, akasoma maneno yake yote kama yalivyoagizwa, kisha akaonyesha nafasi iliyobaki. "Kanuni inajaza sehemu kubwa ya nafasi, Mkuu. Lolote refu linalofuata linakatwa. Kosa langu ni kwamba sikuangalia linakatwa wapi, na hilo nalikubali. Lakini fundi yeyote anayefuata kanuni hii atakatwa mahali. Mmoja ataandika 'kuharibu mizani hatukubali', na atakachoona mtu kinaweza kuwa nusu ya kwanza tu."

"Kanuni haikuwaagiza muandike mambo ya kuchezea," Afisa alisema.

"Ukurasa unafundisha watu wasiibiwe."

"Au wajue kuiba."

"Hayo tutayaona," Mkuu alisema. Alipenda kuonekana mwenye haki. Haki ni nguo, na watu wengine hupendeza nayo. "Tuangalie kama bado ipo. Niandike nini?"

"Naomba uandike kama mteja wa kawaida," Binti alisema. "Fundi mizani. Utaona haitokei. Plagini tuliipa maneno ya kuchezea mizani, kwa hiyo ukurasa ule humjia anayetafuta hayo. Anayetafuta fundi huletewa ukurasa wetu mwingine, wa kawaida."

Mkuu akajivutia kibodi. Alichapa kwa kidole kimoja, kwa utulivu wa mtu anayebandika stempu, na ukutani herufi zikajitokeza kubwa moja moja. Hakuanza na fundi. Alianza na mizani. Kabla hajalimaliza neno, kisanduku kikafunguka chini yake na orodha ikashuka.

Shangazi ndiye aliyekuwa karibu na ukuta, na macho yake hayakuhitaji miwani.

"'Mizani ya jukwaa jinsi ya kupunguza bila kuvunja lakiri,'" alisoma. "'Mizani ya magunia kuchezea.' 'Mizani lakiri ya pili inapatikana wapi.' Eh! Kumbe na nyie mnatafuta fundi?"

"Hayo ni mapendekezo ya mtambo," Mkuu alisema haraka. "Yanatokea kwa kila mtu."

Binti alisita. Aliangalia koleo mezani, akamwangalia baba yake. Baba yake akaitikia kwa kichwa.

"Mengine ndiyo, Mkuu," alisema kwa upole. "Yenye hiyo alama ndogo ya saa pembeni ni yaliyowahi kuandikwa kwenye kompyuta hii."

Yote matatu yalikuwa na alama ya saa.

"Uchunguzi," Afisa alisema. "Sisi tunachunguza. Lazima tujue wahalifu wanatafuta nini."

"Vizuri," Mkuu alisema, akimgeukia. "Ulichunguza lini?"

"Si mimi. Yaani, kompyuta hii inatumiwa na wengi."

"Uchunguzi una jalada. Jalada lake liko wapi?"

Afisa akaanza kupekua karatasi zake, ya kwanza hadi ya mwisho, kisha akarudia ya kwanza. Mkuu akabonyeza kitu, ukuta ukawa mweusi. Kisha akalisukuma lile furushi la gazeti mpaka upande wa pili wa meza.

"Kibali chako kiko salama, Fundi. Chukua koleo lako. Karatasi ya mlangoni iondoe mwenyewe. Na hiyo kanuni tutaiangalia. Kikao kimekwisha."

Fundi alilifungua koleo, akalifuta grisi kwa pindo la koti lake la msibani, akalibana hewani mara moja kusikia kama meno bado yanakutana. Yalikutana. Shangazi alikuwa ameshasimama, Binti amekusanya karatasi zake. Nyumbani mizani za watu zilikuwa zinangoja.

Fundi hakusimama.

"Nilisema nitasema mwisho," alisema. "Ukurasa wangu hauji kwa mtu anayetafuta fundi. Tumeelezwa hapa sote. Unakuja kwa anayetafuta kuchezea mizani. Sasa yule wa ofisi hii aliyeuona wa kwanza, kabla hajafunga safari kuja kunibandikia karatasi, yeye alikuwa anatafuta nini?"